Hesabu Husomewa Nani? Habari za Elimu ya Biashara Iliyotafutwa Ng'ambo

Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, akiisha kuzipita Mwenge na Tegeta, hufika Boko, yapata kilomita 25 kutoka katikati ya mji. Zamani mahali hapa hapakuhesabiwa kuwa mji. Palikuwa mashamba, na njia ilipita tu ikielekea kaskazini. Mwaka wa 1966 kiwanda cha kwanza cha saruji katika nchi kilianza kazi katika kilima cha Wazo, si mbali na hapo, na mji ulipoanza kutambaa kwenda upande ule, saruji ikatangulia kufika kabla ya watu. Leo kando ya barabara wamejipanga wafyatuaji wa matofali, wauza nondo na mabati, mafundi wa milango, mama lishe, na wenye maduka ya bidhaa za nyumbani. Katika nyingi ya biashara hizi kuna daftari, na katika daftari hilo kurasa za mauzo ni chache kuliko kurasa za madeni. Bidhaa nyingine zimechukuliwa mjini kwa mali kauli, yaani mwenye duka amepewa mzigo kwa ahadi ya mdomo, auze kwanza kisha alipe. Naye huwapa majirani vivyo hivyo.

Katika mitaa ya namna hii, Kinondoni na Temeke, wametoka vijana waliokwenda ng'ambo kujifunza biashara kwa majuma machache. Kozi iliyojulikana sana katika miaka ya karibuni ni ile ya Marekani iliyoanza mwaka wa 2014, ikapewa jina la Nelson Mandela. Vijana 500 wa Afrika walichaguliwa mwaka ule wa kwanza, na waliokuwa wameomba walikaribia 50,000. Walitawanywa katika vyuo vikuu vya Marekani kwa majuma sita, wengine wakisoma uongozi wa umma, wengine kazi za kiraia, na wengine biashara. Kisha wote walikutana Washington. Safari hizo zilifanywa katika majira ya joto ya kule, miezi ambayo Dar es Salaam ni ya kipupwe, wakati vyuo vya Marekani vinapokuwa vitupu kwa likizo na vyumba vyake vinaweza kupokea wageni.

Watu wengi huliona jambo hili kuwa jipya, kana kwamba hapo kale mfanyabiashara wa nchi hii alijifunzia dukani tu, na sasa ndio kwanza ameletewa elimu. Dhana hiyo ina kasoro. Lugha yenyewe inaikanusha. Anayesema rasilimali, faida, hasara, dalali na mizani anatumia maneno yaliyotoka Uarabuni. Anayesema hundi, bima na laki anatumia maneno yaliyovuka bahari kutoka Bara Hindi. Hayakuja katika vitabu vya shule. Yalikuja na watu waliouza na kununua, wakakaa msimu mzima wakingoja upepo wa kuwarudisha kwao, na katika kukaa huko wakafundishana. Mwambao wa Afrika ya Mashariki ulikuwa na masomo ya biashara ya msimu muda mrefu kabla ya chuo kikuu chochote kuyatangaza.

Lililokuwa jipya katika karne ya ishirini ni jambo jingine. Mwafrika wa Tanganyika aliwekwa nje ya biashara kwa sheria. Mwaka wa 1923 Serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya kuzuia wenyeji wasikopeshwe, nayo ikatengenezwa upya mwaka wa 1931. Kwa jumla maana yake ilikuwa kwamba mtu asiye mwenyeji aliyemkopesha mwenyeji hakuweza kumdai mahakamani, ila kama deni lile liliandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa Serikali. Shabaha iliyotajwa ilikuwa kumlinda mwenyeji asizame katika madeni. Huenda waliotunga waliamini hivyo. Walakini kila afanyaye biashara anajua kwamba duka halijazwi kwa fedha taslimu peke yake. Mwenye bohari, aliyekuwa Mhindi au Mzungu, alimkopesha Mhindi mwenziwe mzigo wa miezi mitatu. Mwafrika alitakiwa alete fedha mkononi. Hivyo mali kauli, iliyo damu ya biashara ndogo, ikakatazwa kwa mtu mmoja na kuachwa kwa mwingine.

Mjini Dar es Salaam yupo aliyelitazama jambo hili kwa jicho kali. Erica Fiah, mtu wa Uganda aliyekuwa na duka mjini, alianzisha mwaka wa 1934 chama cha Waafrika cha maslahi na biashara, na mwaka wa 1937 akaanza kutoa gazeti lake, Kwetu. Chama hakikudumu kwa nguvu ile aliyoitumaini. Lakini kutokana naye tunajua kwamba wenye maduka Waafrika wa mji huu walikwisha kutambua, miaka mingi kabla ya uhuru, kuwa taabu yao haikuwa uvivu wala ujinga wa kuhesabu.

Njia iliyofunguka ilikuwa ya ushirika. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka wa 1932, na mwaka uliofuata Wachagga walioanza kujikusanya tangu 1925 chini ya Joseph Merinyo wakapata umoja wao wa kahawa, KNCU. Jambo moja katika habari za KNCU hupitwa upesi na waandishi, nalo linastahili kutuliwa. Meneja wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, A. L. B. Bennett. Kahawa ilikuwa ya Wachagga, shamba lilikuwa lao, jasho lilikuwa lao. Ama vitabu vya hesabu vilikuwa mikononi mwa mgeni. Hapana haja ya kumshtaki Bennett, ambaye kwa maelezo mengi aliifanya kazi yake vizuri. Swali ni jingine: mkulima aliyetaka kujua kwa nini amelipwa kiasi fulani alimwuliza nani, na kwa lugha gani?

Swali hilo lilikuja kuulizwa kwa sauti kubwa zaidi upande wa Ziwa, katika pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wa Usukuma waliuza pamba yao kwa wanunuzi ambao wengi walikuwa Wahindi, na malalamiko makubwa yalikuwa juu ya mizani. Mkulima alifika na mzigo wake, akasimama mbele ya mizani asiyoweza kuisoma, akaambiwa uzito, akalipwa. Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka wa 1925 huko Ikizu, Musoma, alikuwa amekwisha kufanya kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akaingia mwaka wa 1947 katika chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Katika miaka ile wakulima walianza kuweka watu wao wenyewe kando ya mizani ya wanunuzi, wapimaji wasio na upande, wenye kazi ya kusoma uzito na kuutamka. Kwa macho ya leo kazi hiyo yaonekana ndogo. Lakini mwenye kusimama pale na kutamka namba aliiondoa siri ambayo faida nzima ya udanganyifu iliitegemea. Mwaka wa 1952 Bomani na wenzake wakaunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa.

Ndipo akaenda ng'ambo. Mwaka wa 1953 hadi 1954 alisoma Uingereza katika Chuo cha Ushirika, ambacho tangu mwaka wa 1945 kilikuwa katika jumba la Stanford Hall, karibu na mji wa Loughborough. Hakikuwa chuo kikuu kwa maana ya siku hizi, wala mtu hakutoka pale na digrii. Kilikuwa chuo cha watu wazima, cha makarani na mameneja wa maduka ya ushirika wa Kiingereza, na miongoni mwao watu wa makoloni waliokuja kujifunza namna ya kuendesha vyama vyao.

Yafaa kutazama ushirika wa Kiingereza ulikuwa na nini cha kumfundisha mtu aliyetoka katika mizani ya pamba. Mwanzo wake ulisimuliwa daima kutoka Rochdale, mji wa viwanda vya nguo, ambako mwaka wa 1844 watu 28, wengi wao wafumaji, walifungua duka dogo katika njia iitwayo Toad Lane, wakauza siagi, sukari, unga na mishumaa michache. Walijiwekea kanuni. Mwanachama mmoja kura moja, hata kama mwenziwe ana hisa nyingi. Uzito kamili na chakula kisichochanganywa na uchafu. Hesabu kuwekwa mbele ya wanachama na kukaguliwa. Na kanuni moja ambayo Mtanganyika hangeweza kuisikia bila kushtuka: kuuza kwa fedha taslimu tu, bila kukopesha. Wafumaji wa Rochdale waliikataa mikopo kwa hiari yao, kwa kuwa wenye maduka wa zamani waliwafunga wafanyakazi kwa madeni. Tanganyika ilikatazwa mikopo na Serikali. Neno ni moja na jambo si moja. Katika Rochdale ilikuwa amri ya wanachama juu ya nafsi zao, iliyopigiwa kura. Hapa ilikuwa amri ya mtawala juu ya watu ambao hawakuulizwa.

Bomani aliporudi, kazi ilikuwa ikimngoja, na hilo ndilo lililoitofautisha safari yake na safari nyingi zilizofuata. Hakurudi na cheti akatafute mahali pa kukitumia. Mwaka wa 1955 vyama vya msingi vya pamba vilikusanywa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, naye akawa meneja mkuu wake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 karibu pamba yote ya eneo lile ilipita katika mikono ya vyama vya wakulima, na shirikisho likahesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika yaliyomilikiwa na Waafrika. Bomani mwenyewe akaingia katika Serikali, akawa Waziri wa Fedha kuanzia mwaka wa 1962 hadi 1965, na baadaye balozi Washington tangu 1972 hadi 1983.

Mwandishi wa sifa angeishia hapa. Historia haikuishia hapa. Mwaka wa 1966 Serikali iliweka kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika, na kamati ile ilikuta mambo mazito: watumishi wasio na ujuzi wa kutosha, siasa kuingilia kazi, na, baya kuliko yote, wanachama wasiojua habari za vyama vyao wenyewe. Shirikisho la Victoria halikusalimika, na kabla ya miaka ya 1960 kwisha likawa limeondoka, umoja wa Nyanza ukichukua mahali pake. Zilipita chini ya miaka ishirini tangu mpimaji wa wakulima asimame kando ya mizani na kutamka uzito. Mizani sasa ilikuwa ya wakulima, karani alikuwa mtoto wa wakulima, na bado mkulima alisimama mbele ya kitabu asichosomewa. Elimu ya mtu mmoja aliyesoma Loughborough haikuweza kushuka hata imfikie kila karani wa kila kituo cha kununulia pamba, sembuse kila mwanachama.

Huenda pakaulizwa: kwa nini elimu hiyo haikutolewa nyumbani? Ilianza kutolewa, lakini kwa kuchelewa. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa mwaka wa 1961 huko Kigamboni, ng'ambo ya mlango wa bandari, upande ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa wa Temeke. Chuo cha Ushirika cha Moshi kikafuata mwaka wa 1963, na Chuo cha Elimu ya Biashara mjini Dar es Salaam mwaka wa 1965. Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam mwaka wa 1961, katika jengo la TANU, kilianza na sheria. Katika mgawanyo wa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kilichodumu kutoka 1963 hadi 1970, biashara ilikuwa fungu la Nairobi. Mtanzania aliyetaka shahada ya biashara alivuka mpaka. Kitivo cha Biashara cha Dar es Salaam hakikuanzishwa mpaka mwaka wa 1979.

Katika pengo hilo ndipo kozi fupi za ng'ambo zilipostawi. Mfano mmoja ulikuwa taasisi iliyofunguliwa Tel Aviv mwaka wa 1960 na shirikisho la wafanyakazi la Israeli kwa ajili ya watu wa Asia na Afrika, ambako ushirika na kazi za vyama vilifundishwa kwa miezi michache tu. Kozi za namna hii zilikuwa na faida yake. Karani hakuachishwa kazi, jamaa zake hawakuachwa miaka mitatu, na alirudi angali akikumbuka shida alizoziacha mezani. Lakini zilikuwa na upungufu ambao haukuonekana siku ya kuagana uwanja wa ndege. Aliyesoma alirudi akiwa na daftari la mwalimu wake, na mwalimu wake alikuwa amefundisha hesabu kwa watu ambao wanachama wao wanajua kusoma.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliyageuza mahitaji. Benki zilipotaifishwa siku iliyofuata Azimio na kuunganishwa katika Benki ya Taifa ya Biashara, na makampuni makubwa ya kuagiza bidhaa yakawa ya umma, nchi ilihitaji wahasibu kwa haraka isiyokuwa na mfano. Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilifunguliwa mwaka wa 1972, na wengi wakapelekwa ng'ambo. Hawa walisoma sana, na wengi wao walikuwa hodari. Ila hesabu zao ziliandikwa kwa ajili ya wizara. Mwaka wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, kazi zao zikapewa mamlaka za mazao, na hapo hata mkutano mkuu wa mwaka, uliokuwa mahali pa mwisho ambapo mkulima angeweza kusimama na kuuliza, ukafungwa. Sheria ya 1982 iliruhusu vyama virudi. Uzoefu wa kuuliza haurudi kwa sheria.

Sasa twaweza kuzitazama tena safari za majuma sita za vijana wa karne hii. Zina jambo moja la kusifiwa ambalo zile za makarani wa miaka ya baada ya Azimio hazikuwa nalo: aliyechaguliwa alitakiwa awe amekwisha kuanza kazi. Hakwenda ili apate biashara. Alikwenda na biashara yake, kama Bomani alivyokwenda na pamba yake. Kwa sababu hiyo mafunzo yalikuwa na mahali pa kushika. Hata neno mjasiriamali, lililoenea tangu uchumi ulipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, lilimtaja mtu wa namna hii, anayethubutu kwa mali yake mwenyewe.

Tofauti iko mahali pengine. Stanford Hall ilifundisha hesabu zisomwe mbele ya wanachama. Kozi za biashara za vyuo vikuu vya leo hufundisha hesabu zisomwe mbele ya mwenye mtaji. Mwanafunzi hujifunza kueleza shughuli yake kwa dakika chache mbele ya watu asiowajua, kuonyesha ukuaji, kukadiria mauzo ya miaka ijayo. Ni ustadi wa kweli, na anayeubeza hajawahi kukaa mbele ya ofisa wa mikopo akiwa na karatasi tupu. Lakini anaporudi katika mtaa kama Boko, mtaji mwingi unaomzunguka hautoki kwa mtu wa namna ile. Unatoka kwa mwenye bohari anayempa mzigo kwa kauli, kwa wateja wanaolipa mwisho wa mwezi, na kwa wanawake wa mtaa wanaokusanyika kila juma na sanduku lao.

Sanduku hilo nalo lilitoka ng'ambo, ingawa hakuna chuo kikuu kilicholipa jina. Mwaka wa 1991, katika eneo la Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza na wanawake wa vijijini mpango wa kuweka na kukopeshana ambao Wahausa waliuita Mata Masu Dubara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 utaratibu wake ulifika Zanzibar, na wa jamaa yake ukaenea bara kwa jina la VICOBA. Kwa watu waliokwisha kuujua upatu tangu zamani, ulikuwa rahisi kuupokea. Kilichoongezeka ni hisa, riba iliyokubaliwa na wote, na mgawo wa mwisho wa mwaka. Kwa kuwa wanachama wengi wa kwanza kule Maradi hawakujua kusoma, hesabu haikutegemea kitabu. Fedha zilihesabiwa mbele ya wote, jumla ikatamkwa kwa sauti, na kila mmoja akatakiwa aikumbuke mpaka mkutano ujao. Wakikutana tena, kabla ya sanduku kufunguliwa, huulizwa kwanza ni kiasi gani kilichomo.

Hivyo ndivyo ifanywavyo hata leo katika vikundi vingi vya pembezoni mwa Dar es Salaam, hata pale ambapo wanachama wote wamesoma na kila mmoja ana simu yenye kikokotoo. Daftari lipo, na mwandishi wa kikundi yupo. Hata hivyo jumla hutamkwa. Kisha sanduku hufungwa kwa kufuli tatu, na funguo hupewa watu watatu wasiokaa nyumba moja.